Jina likifutika kwenye ordinateri, nani atajua?

Kuna maneno matatu ambayo kila mama aliyewahi kusimama kwenye mstari wa mgao hapa Goma anayajua: "Jina lako halipo." Ajenti huyasema kwa sauti ya chini, naye amechoka, macho yake yako kwenye kioo cha ordinateri. Mama anaonyesha jetoni. Anaonyesha kadi ya mpiga kura, kama haikupotelea njiani. Anamwita jirani waliyeandikwa naye siku moja, chini ya bashi moja. Jirani yupo kwenye orodha, yeye hayupo. Nyuma yake watu wanaanza kunung'unika kwamba anachelewesha mstari. Mwisho anakunja mfuko wake mtupu na kurudi alikotoka.

Leo siulizi nani alilifuta jina hilo. Swali langu linakuja kabla ya hilo: kama lilifutwa, kuna mahali popote palipobaki alama kwamba liliwahi kuwepo? Pasipo alama hakuna kesi. Linabaki neno la mama mwenye njaa dhidi ya neno la mashine, na sote tunajua ni neno la nani linaloaminiwa.

Maoni yangu nayasema mapema. Yeyote anayetunza orodha ya watu wa hapa ndani ya ordinateri, awe shirika, kamati ya wakimbizi wa ndani, parokia au kikundi cha vijana, anapaswa kuwasha ukaguzi wa uzima wa faili zake, kuuwasha tangu siku ya kwanza, na kutuonyesha kwamba umewashwa. Programu zenye ukaguzi huo zipo, ni za bure, na hazidai intaneti. Shida ni kwamba sehemu yake muhimu huja ikiwa imezimwa, na wengi wanaoitumia hawajui.

Kwanza tukubaliane kwa nini orodha ni jambo zito kwetu kuliko kwa wengine. Nchi yetu haijafanya sensa ya watu wote tangu mwaka 1984. Kwa watu wengi wa hapa kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho pekee, na kadi hiyo huungua, huloa, huporwa. Volkeno ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, UNICEF ilisema watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na familia zao kwa muda wa usiku na mchana mmoja. Vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, maghala ya misaada yaliporwa, na mwezi uliofuata kambi zilizouzunguka mji zikabomolewa: Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na nyingine. Watu walirudi Kibumba, Sake, Rutshuru, Masisi, au walijibanza kwa ndugu mitaani. Familia moja inaweza kuwa imeandikwa mara nne katika miaka mitatu, kila mara na mtu mwingine, kwenye fishi nyingine. Kwa watu wa namna hiyo orodha si karatasi ya ofisi. Ndiyo njia pekee ya kusema: tulikuwepo, tulikuwa sita, na mtoto wa nne alikuwa hai tulipoondoka.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumefika mahali ambapo hata daftari lenyewe linaweza kupotea bila habari.

Nayasema haya kwa sababu yalinipata. Kikundi chetu kidogo hutunza matangazo ya watu wanaotafutana: mtoto fulani, wa umri fulani, mara ya mwisho alionekana barabara fulani. Kwa muda mrefu tuliyaweka kwenye faili moja ndani ya ordinateri moja. Jioni moja umeme ulikatika nikiwa katikati ya kuhifadhi. Uliporudi, faili ilifunguka vizuri, nikashukuru Mungu. Nikainakili kwenye flashi mbili, moja kwangu, moja kwa mwenzangu, nikijiona mtu mwangalifu. Wiki kadhaa baadaye akaja mama mmoja kutoka upande wa Kibumba kuuliza kama kuna aliyejibu tangazo la binti yake. Nikatafuta. Mwisho wa faili palijaa alama zisizosomeka. Nikachomeka flashi ya kwanza: alama zilezile. Ya pili: zilezile. Nilikuwa nimenakili ugonjwa mara mbili na kuuita usalama. Tuliandika upya kutoka kwenye daftari la karatasi la wasomaji wa matangazo, lakini machache hayakurudi. La mama yule lilirudi. Angeweza kuwa mwingine.

Baada ya hapo kijana mmoja wa kwetu anayejua kuandika programu alitufundisha kutumia Git.

Kwa asiyeijua, Git ni programu ya kutunza matoleo ya kazi. Iliandikwa na Linus Torvalds mwezi Aprili 2005, ili maelfu ya watu wanaojenga mfumo wa Linux waweze kufanya kazi pamoja bila kuharibiana. Kila unapohifadhi, Git haifuti ya jana ili kuweka ya leo. Inaweka zote, na inaandika nani alihifadhi, lini, na kwa sababu gani kama alivyoeleza mwenyewe. Zaidi ya hapo, kila kitu kinachoingia hupigiwa hesabu inayotoa alama ya herufi na tarakimu 40. Tuiite alama ya kidole. Badilisha herufi moja tu ndani ya orodha ya familia elfu kumi, geuza "watu 6" kuwa "watu 5", na alama ya kidole inakuwa nyingine kabisa.

Ufundi wake mkubwa ni kwamba kila hifadhi hubeba ndani yake alama ya hifadhi iliyoitangulia. Ni kama daftari ambalo kila ukurasa umegongwa muhuri uliotokana na ukurasa wa nyuma yake. Ukichana ukurasa wa Machi na kuweka mwingine, muhuri wa Aprili haulingani tena, na wa Mei, na wa Juni, hadi leo. Kwa hiyo mwenye alama ya leo mkononi ameishika historia yote.

Ukisikia hivyo utadhani kazi imekwisha. Haijaisha. Alama ya kidole haina faida kama hakuna anayeilinganisha, na hapa ndipo ugomvi wangu ulipo.

Git ikipokea kazi kwa njia yake ya kawaida, hukokotoa alama za vinavyoingia. Lakini ukaguzi wa ndani zaidi, wa kuangalia kama kila kitu kimeundwa sawasawa na kukataa kinachoingia kikiwa kimeharibika, huja umezimwa. Mpangilio wake unaitwa transfer.fsckObjects, na usipougusa, jibu lake ni hapana. Tena sisi wa hapa tuna desturi inayotuumiza zaidi. Intaneti ni ghali na hukatika, basi tunasafirisha kazi kwa flashi. Ukinakili ghala la Git kutoka folda hadi folda ndani ya mashine, au kutoka kwenye flashi, Git huchukua njia ya mkato: inabeba faili jinsi zilivyo, bila kuzipitia. Ukizinakili kwa mkono kama unavyonakili picha za harusi, hata hiyo Git haipo. Mlango una kufuli, lakini ufunguo unaning'inia nje.

Msidhani ni uzembe wa maskini. Mwezi Machi 2013, KDE, kundi kubwa la kimataifa linalojenga programu huria, lilikaribia kupoteza ghala zake zote, karibu 1,500. Seva kuu ilizimwa kwa matengenezo ya kawaida, na ilipowashwa faili zake zilikuwa zimeharibika. Walikuwa na seva nyingine kadhaa duniani zilizonakili kutoka kwa ile kuu kila baada ya muda mfupi. Zote zilinakili uharibifu kwa uaminifu mkubwa, kwa sababu hakuna aliyeziambia zikague kwanza. Waliokolewa na seva moja tu iliyokutwa bado na nakala nzima. Watu wale ni mafundi, umeme wao haukatiki kama wetu, na bado walifanya kosa nililofanya mimi na flashi zangu mbili. Nakala isiyokaguliwa ni kioo: ukisimama mbele yake na jeraha, inakuonyesha jeraha.

Basi, kwa vijana wetu wanaoshika kazi hizi, naandika hapa tulivyopanga sisi. Wasiohusika na ordinateri waruke mistari hii michache, wasiogope.

Kwenye kila mashine tuliwasha ukaguzi wa mlangoni, mara moja tu:

git config --global transfer.fsckObjects true

Tangu hapo, kinachokuja kikiwa kimevunjika, au kikitaja kitu ambacho hakipo, kinakataliwa kwa sauti. Mjue tofauti moja. Mashine inayopokea kazi iliyosukumwa kwake hukitupa kilichokataliwa. Ile iliyokwenda kuvuta yenyewe inaweza kubaki na mabaki yake, hivyo ukikataliwa wakati wa kuvuta, anza upya kwenye folda safi.

Kwa flashi tunalazimisha Git ipite njia ndefu, yenye mlinzi, kwa kuongeza maneno mawili tu:

git clone --no-local /njia/ya/flashi/matangazo

Kila Jumamosi, na kila mara umeme unapokatika mtu akiwa kazini, tunapitisha ukaguzi wa ghala zima:

git fsck --full

Ukiona neno dangling katika majibu, usishtuke, hayo ni mabaki ya kazi iliyoachwa, si ugonjwa. Ukiona missing au corrupt, acha kunakili mara moja, kamata nakala nyingine kabla hujaiambukiza.

Kwa sababu ya umeme wetu tuliongeza jambo moja. Tangu toleo la 2.36 la mwezi Aprili 2022, Git inaweza kuamriwa isiseme "nimehifadhi" kabla diski haijakubali kweli. Kwenye mashine nyingi za Linux, kwa vitu vipya vinavyoingia kimojakimoja, amri hiyo nayo huja imezimwa:

git config --global core.fsync all

Inapunguza mwendo kidogo. Anayeishi na umeme wa Goma hatalalamika.

La mwisho, kwenye mashine inayokusanya kazi ya wote, tulizuia mtu kuandika historia upya au kufuta tawi zima:

git config receive.denyNonFastForwards true
git config receive.denyDeletes true

Anayetaka kusahihisha jina analisahihisha, lakini sahihisho linakaa juu ya kosa, halifuti kosa. Zamani mweka hazina wa ushirika alipokosea alikata mstari kwa kalamu nyekundu ili namba ya chini isomeke, hakuruhusiwa kusugua. Ni adabu ileile.

Hayo yote hayachukui hata nusu saa. Ndiyo maana namkatalia anayeniambia kwamba haya ni mambo ya watu wa Ulaya, sisi hata maji ya bomba hatuna. Ndugu yangu, anayekatikiwa umeme kila jioni ndiye anayehitaji ukaguzi kuliko mwenye umeme wa saa 24. Anayesafirisha kazi kwa flashi iliyopita mifuko mitano ndiye anayehitaji mlinzi mlangoni. Amri hizi hazili hata megabaiti moja ya intaneti.

Lakini mafundi wakishawasha, raia atajuaje? Hili ndilo ninaloliomba hasa, na ni jambo la karatasi na kalamu.

Siku orodha inapofungwa, baada ya watu kusomewa majina na kulalamika na kusahihishwa, fundi atoe alama ya kidole ya orodha hiyo mbele ya watu. Amri yake ni git rev-parse HEAD, na jibu ni ule mstari wa herufi na tarakimu 40. Rais wa kamati ya wakimbizi wa ndani auandike kwenye daftari lake. Chefu wa avenyu auandike kwenye lake. Mwakilishi wa akina mama naye. Watie sahihi na tarehe. Siku ya mgao, kabla ya jina la kwanza kuitwa, ajenti atoe alama tena, na watu watatu wafungue madaftari yao. Zikilingana, orodha iliyohifadhiwa ndani ya Git ni ileile. Zisipolingana, mgao haujaanza: kwanza tuelezwe nini kimebadilika, nani kakibadilisha, na kwa nini. Git ina jibu la maswali yote matatu, kwa sababu kila hifadhi ina jina la mtu, saa na maelezo. Na kama tunaogopa kwamba mtu ataandika jina la mwenzake, tangu mwaka 2012 Git inakubali kila hifadhi itiwe sahihi kwa ufunguo wa siri wa aliyeiweka.

Kuna uzuri mwingine katika mstari ule. Hautaji jina la mtu. Unaweza kubandikwa kwenye mlango wa kanisa, kusomwa redioni, kupigwa picha na kutumwa kwa simu, na asiyetakiwa kujua nani yuko kwenye orodha hatajua kitu. Katika mji kama wetu, ambapo orodha ya majina ikianguka mikono mibaya inaweza kuua, ushahidi usiomtaja mtu ni zawadi.

Sasa nimgeukie anayenisubiri kwa tabasamu. Anasema: mwizi si mashine, mwizi ni mtu. Ana haki. Alama ya kidole inasema orodha haikubadilika, haisemi orodha ni ya kweli. Ukiandika familia hewa mia mbili siku ya kwanza, Git itazilinda familia hewa mia mbili kwa uaminifu uleule inaolinda za kweli.

Na hilo si la kufikirika. Mwaka 2020 chombo cha habari cha The New Humanitarian kilichapisha habari za uchunguzi juu ya rushwa katika misaada mashariki mwa nchi yetu. Shirika la Mercy Corps lilikuwa limegundua kwamba lilitapeliwa zaidi ya dola 600,000 katika muda wa miezi tu. Njia ilikuwa rahisi: baadhi ya maajenti, wafanyabiashara na viongozi wa mahali walielewana, idadi ya waliohama ikaongezwa, fedha zikatoka, wakagawana. Hakuna aliyevunja kufuli ya ordinateri. Uongo uliingia kwa mlango wa mbele, na fishi mkononi.

Kwa hiyo simwambii mtu kwamba Git itamaliza rushwa. Nasema itapunguza mahali pa kujificha. Leo orodha inaweza kuchezewa siku ya kuandika, usiku wa kuamkia mgao, njiani kati ya ofisi na uwanja, au mwezi mmoja baada ya mgao ili hesabu zilingane na ripoti. Ukiwasha ukaguzi na kuandika alama kwenye madaftari matatu, nyakati hizo nyingine zinafungwa. Inabaki siku moja tu ya kuiba: siku ya kuandika, mchana, mbele ya majirani wanaojua nani ana watoto wangapi. Hiyo siku mashine haiwezi kuilinda. Tutailinda sisi, kwa kusoma majina kwa sauti kila mahali ambapo kuyasoma hakuhatarishi mtu, na kwa kutoogopa kusema "huyo simjui". Mashine ilinde usiku, watu walinde mchana.

Kuna pingamizi lingine, na hili linaninyima usingizi kidogo. Programu isiyosahau ni hatari kwa mtu anayehitaji kusahauliwa. Mama aliyekimbia mume anayempiga, kijana anayetafutwa na watu wenye bunduki, msichana aliyesimulia yaliyompata njiani: wakiomba kesho majina yao yaondolewe, historia yetu isiyofutika itawajibu nini? Nimekaa na swali hili, na ninaona mambo matatu.

Moja, majina yasiingie Git yakiwa wazi. Yafungwe kwanza ndani ya faili yenye ufunguo wa siri, na faili hiyo iliyofungwa ndiyo ihifadhiwe. Ni kama bahasha iliyotiwa lakiri: alama inaonyesha bahasha haikubadilishwa, bila kusoma barua iliyomo. Mbili, ghala la namna hii lisipandishwe kabisa kwenye tovuti za wazi, hata kama ni rahisi na ni bure. Likae kwenye mashine mbili zinazojulikana, nyumba mbili tofauti. Tatu, ikibidi kweli jina liondolewe hadi kwenye mizizi, liondolewe kwa mkutano na si kwa siri: watu wawili au zaidi wakiwepo, zuio likishushwa kwa dakika hizo, nakala ya pili nayo ikisafishwa, sababu ikiandikwa bila kumtaja mhusika, alama mpya ikiingia kwenye madaftari matatu chini ya ile ya zamani. Kufuta kwa haki hakuogopi mashahidi.

Kuna jambo dogo ambalo huwafanya mafundi kuzima ukaguzi wote. Ghala la zamani mara nyingine huwa na kasoro isiyodhuru, iliyotokana na programu za miaka iliyopita. Ukiwasha ukaguzi, linakataliwa. Kazi imechelewa, bosi anapiga simu, fundi anaandika false na maisha yanaendelea. Ni sawa na mlinzi anayeng'oa geti kwa sababu mzee mmoja amesahau kadi. Git inakuruhusu kuitaja kasoro hiyo moja na kuisamehe, iwe onyo badala ya kukataa, au kuweka orodha ya vitu vilivyosamehewa. Samehe kimoja kwa jina lake. Usifungue geti kwa wote.

Nimalizie kwa kuwageukia ninyi mnaosikiliza haya yakisomwa na ambao hamtagusa ordinateri leo wala kesho. Mnajua kuuliza bei ya makala kabla ya kufungua mfuko. Ulizeni na hapa, kwa heshima, kila mtu anapokuja kuwaandika. Muulizeni: orodha hii ikiharibika usiku wa leo, mtajua kesho asubuhi, au mtajua siku ya mgao? Muulizeni: mtu akibadilisha idadi ya watoto wangu, jina lake litaonekana? Muulizeni: mnaweza kutupa alama ya orodha tuiandike kwenye daftari letu? Sidai kila shirika litumie Git. Wengi wana mifumo yao, na mingine ina ukaguzi mzuri kuliko huu. Nadai majibu ya maswali matatu. Asiye na jibu hana mfumo, ana faili tu.

Na ninyi vijana wa Himbi, Katindo, Majengo, Ndosho mnaojifunza kuandika programu kwa mwanga wa simu: kazi hii ni yenu. Hakuna mtu wa kutoka mbali atakayejali jina la mama wa Kibumba kuliko ninyi. Anzeni na ghala zenu wenyewe. Pitisheni ukaguzi leo jioni, kabla umeme haujakatika. Mkikuta kuna kilichovunjika, mshukuru mmekikuta ninyi.

Daftari langu la karatasi bado ninalo, nimeliweka ndani ya mfuko wa plastiki juu ya kabati. Kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya mstari wa kalamu nyekundu, kuna herufi na tarakimu 40 nilizoziandika Jumamosi iliyopita. Tangazo la yule binti limo ndani yake. Mama yake bado anakuja kuuliza. Bado hatujapata jibu la kumpa, lakini kila akija, jina la mwanawe lipo.